Kura ya Mwakilishi kuhusu mazingira na afya ijulikane kwa jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa maoni yangu halijasemwa vya kutosha visiwani kwetu. Mwananchi wa Zanzibar hana njia nyepesi ya kujua Mwakilishi wa jimbo lake alipiga kura gani pale Baraza la Wawakilishi lilipopitisha sheria au bajeti inayogusa maji anayokunywa, taka zinazotupwa karibu na nyumba yake, au mchanga unaochimbwa kijijini kwake. Alichosema anaweza kukijua, kwa kuwa vikao hurushwa hewani na maneno ya wajumbe huandikwa katika kumbukumbu rasmi. Alichoamua ndicho kisichojulikana.

Aliyewahi kukaa katika sehemu ya wageni pale Chukwani, liliko jengo la Baraza, au kufuatilia kikao redioni, anaujua mwenendo wenyewe. Mswada husomwa kwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, hurudi ukasomwa kwa mara ya pili na kujadiliwa, kisha Baraza zima hukaa kama kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu. Huulizwa wanaoafiki, ukumbi ukaitika. Huulizwa wasioafiki, na aghlabu hapasikiki kitu isipokuwa mtu kukohoa. Hutangazwa kuwa walioafiki wameshinda, na kifungu kinachofuata kikasomwa. Katika sauti ile moja ya jumla huwezi kujua nani kaitika, nani kanyamaza na nani hata ukumbini hayumo.

Tena tuna desturi nyengine inayozidi kutia ukungu. Mjumbe husimama akachangia hotuba ya bajeti, akalalamika kwa haki kabisa kuwa mitaro ya jimbo lake imeziba, kituo cha afya hakina maji na fukwe zinaliwa na bahari, akafikia hadi kupandisha sauti, kisha akahitimisha kwa kusema kuwa anaunga mkono hoja mia kwa mia. Wananchi jimboni husikia malalamiko yake na kuridhika kwamba wametetewa, ilhali kilichohesabika siku ile ni yale maneno ya mwisho. Simlaumu mtu kwa kuunga mkono bajeti, kwa sababu bajeti ikikwama hata kile kidogo hakipatikani, lakini ingekuwa bora tuone wazi ni mafungu gani aliyaafiki bila ya sharti na ni yapi aliyataka yarekebishwe.

Nimekuwa nikisoma namna jambo hili linavyofanywa Marekani, ambako kila jimbo lina bunge lake lenye kutunga sheria za mambo yake, kwa namna inayokaribiana na Baraza letu ndani ya Muungano. Katika California, kwa mfano, katiba ya jimbo inataka mswada upite kwa kura ya kuitwa majina, na kura hizo ziandikwe katika jarida la bunge. Juu ya kumbukumbu hizo zimejengwa taarifa za kila mwaka zinazotolewa na vyama vya kiraia. Mashuhuri zaidi kitaifa ni League of Conservation Voters, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo huteua kura muhimu za mazingira za mwaka na kumpa kila mjumbe wa bunge la taifa alama kuanzia 0 hadi 100, na majimbo mengi yana vyama vya aina hiyo vinavyofanya kazi hiyohiyo kwa mabunge yao. Kuna kanuni moja ndani ya taarifa hiyo ya kitaifa iliyonifurahisha: asiyehudhuria kura huhesabiwa kama aliyepiga kura dhidi ya mazingira. Naona ni kanuni kali, hasa kwa mtu aliyelazwa hospitali, ila inamzuia mjanja kutoka nje kila penye kura ngumu.

Chukua suala la mifuko ya plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, na miaka minane kabla ya bunge la California kupitisha sheria yake mwaka 2014. Kwa hili tulitangulia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini tazama tofauti ya kumbukumbu. Kule California mswada ulikosa kwanza idadi ya kura inayotakiwa katika baraza la chini, ukarudishwa siku chache baadaye ukapita, na majina ya waliokataa, waliokubali na waliobadilika kati ya siku hizo yapo hadi leo kwa yeyote anayeyataka. Wenye viwanda vya mifuko walikusanya saini ili wananchi wenyewe waamue, na wananchi wakaithibitisha sheria mwezi Novemba 2016. Hata hivyo ilikuwa na tundu, kwani iliruhusu mifuko minene zaidi kwa madai kuwa ingetumika mara nyingi, na watu wakaitupa kama walivyokuwa wakiitupa ile myembamba, hata ikabidi mwaka 2024 itungwe sheria nyengine ya kuliziba tundu hilo kuanzia 2026. Mpiga kura wa huko anaweza kumuuliza mbunge wake kwa jina kwa nini alilikubali tundu lile. Kwetu sisi marufuku ilikuja kwa amri ya Serikali, mifuko ikaendelea kuonekana masokoni na kwenye mitaro kwa miaka, na sijui nani wa kumuuliza ila sheha, kiongozi wa Serikali katika mtaa wetu, ambaye naye hakuitunga.

Nisieleweke vibaya kuwa nataka Wawakilishi wetu wapewe alama kama wanafunzi wa skuli. Vyama vile vya Marekani ni vya wanaharakati, vina wagombea vinaowaunga mkono, na kuteua kura ipi ihesabiwe na ipi iachwe ni siasa tosha. Mjumbe anaweza kuukataa mswada wa mazingira kwa kuwa ni dhaifu, akaonekana kwenye jadweli kuwa ni adui wa mazingira. Ninachotaka mimi ni cha chini kuliko hicho, nacho ni jina na kura iliyopigwa, pamoja na orodha ya wasiokuwepo. Hukumu tuachiwe wenyewe.

Jambo linalonifanya nishikilie hoja hii linatokana na kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu, kazi ya bwana afya. Maradhi ya kipindupindu yaliyoanza mwezi Septemba 2015 na kuendelea hadi mwaka uliofuata yaliwapata watu zaidi ya 4,000 katika visiwa hivi na kuua zaidi ya 60. Aliyekuwa kazini wakati ule hatosahau visima. Unafika kwenye mtaa wenye wagonjwa, unaoneshwa kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka karo la choo la jirani, ukingo wake umemeguka, maji ya mvua yanapita njiani na kurudi ndani pamoja na kila kilichokuwa njiani, na ndoo ya kuchotea imelazwa chini kwenye tope hilohilo. Mnatia klorini asubuhi, mnawaambia watu wasubiri, na jioni mnakuta pameshachotwa, kwa sababu mfereji wa mtaa ule ulikuwa mkavu na mama hana maji mengine ya kupikia. Hatua zilizofuata zilikuwa ngumu lakini za lazima, ikiwemo kusimamisha uuzaji wa vyakula na juisi maeneo ya wazi, na aliyeumia zaidi ni muuza urojo na muuza juisi ya miwa, ambao hawakuchimba kisima wala hawakujenga karo.

Kipindupindu hakiondoki kwa klorini ya dharura, na Serikali ililitambua hilo ilipoweka mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kuyatokomeza kabisa maradhi hayo Zanzibar. Mpango huo hauwezi kutekelezwa na wizara ya afya peke yake. Unahitaji fedha za maji, za vyoo, za mitaro, za kusomba taka, za elimu ya afya mashuleni na vijijini, na fedha hizo zimo katika mafungu ya taasisi mbalimbali, kila moja ikiwa na hotuba yake na siku yake ya kuidhinishwa. Hapo ndipo mwananchi anapopotea. Akitaka kujua kama Mwakilishi wake aliusimamia mpango ule, itambidi afuatilie mijadala ya wiki nyingi za Mei na Juni, na hata akifanya hivyo, mwishoni kila fungu atasikia sauti ileile ya jumla. Mvua za masika zinaposhuka, ziwa la Mwanakwerekwe likafurika na makaro yakachanganyika na maji ya barabarani, kila mmoja husema alilisemea jambo hilo Barazani. Inawezekana wote wanasema kweli. Ila hatuna pa kuhakikisha.

Na mchanga ni hivyohivyo. Waliowahi kuyaona mashimo ya mchanga ya Pangatupu, kule Unguja, hawahitaji kuelezwa; ardhi iliyokuwa na minazi na mihogo imebaki makorongo, na kila nyumba mpya tunayojenga, yangu ikiwemo, ina sehemu yake katika makorongo hayo. Hapa Pemba mwenye kutaka kuona upande wa bahari aende Kisiwa Panza, aone mashamba yaliyoingiwa na maji ya chumvi.

Najua kitakachosemwa dhidi ya ombi langu. Mjumbe anategemea chama chake, na anayefukuzwa chamani hupoteza kiti, kama ilivyotokea katika jimbo la Kiembesamaki mwaka 2013 na uchaguzi mdogo ukafanyika mwaka uliofuata. Tunakumbuka pia Bunge Maalum la Katiba la 2014, lililojadili rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania, pale wajumbe walipoitwa majina na kuchagua kati ya kura ya wazi na ya siri. Aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo, Ndugu Othman Masoud Othman, alizikataa baadhi ya ibara kwa kura ya wazi, na siku chache baadaye uteuzi wake ukatenguliwa. Kwa hiyo hofu hii ina msingi, na sitaki kuipuuza.

Ila naomba tulitazame vizuri. Mnadhimu wa chama, yaani msimamizi wa nidhamu ya wajumbe wake, amekaa mle mle ukumbini. Anamuona aliyenyamaza, anamsikia aliyesema siyo, na anajua ni nani aliyetoka nje kabla ya kura. Kura ya sauti haimfichi mjumbe kwa chama chake hata kidogo. Anayefichwa ni mpiga kura aliyeko Micheweni au Makunduchi, ambaye hakuwepo ukumbini. Kura ya majina haitaongeza hatari mpya kwa mjumbe kutoka upande wa chama. Itamuongezea shahidi mmoja tu, tena ndiye aliyemchagua. Aidha, miswada ya taka, vyakula, misitu na uvuvi kwa kawaida haigawi vyama kama masuala ya Katiba yanavyovigawa, ndiyo maana nadhani ndiyo mahali pepesi pa kuanzia.

Wala kuhesabu kura si jambo geni Chukwani. Marekebisho ya Katiba ya Zanzibar yanataka theluthi mbili ya wajumbe wote, na theluthi mbili haipatikani kwa kusikiliza tu ukumbi umeitika vipi. Wajumbe wetu hawafiki mia. Kuwaita mmoja mmoja hakuwezi kumaliza nusu saa, na kwa mswada unaohusu maji ya watu karibu milioni mbili, nusu saa si gharama.

Kwa hiyo naiomba Ofisi ya Spika, kupitia ukurasa wako, ilifikirie hili kabla ya kikao kijacho cha bajeti: kwamba kila mswada unaohusu mazingira au afya ya jamii upigiwe kura ya majina angalau pale unaposomwa kwa mara ya mwisho, na kwamba mapendekezo ya marekebisho yaliyokataliwa katika ngazi ya kamati yaandikwe pamoja na jina la aliyeyatoa, kwa sababu mara nyingi kifungu chenye meno hung'olewa huko kabla hakijafika ukumbini. Orodha ibandikwe katika ofisi za wilaya na kwa masheha, ambako wazee wasio na simu za kisasa wanaweza kusomewa.

Nawe Mhariri, gazeti lako halina haja ya kusubiri kanuni zibadilishwe. Mwandishi wako anayekaa ukumbini anaweza tangu sasa kuandika waliohudhuria siku ya kupitishwa fungu la maji au la afya, waliotaka marekebisho na waliyoyataka, na nusu ukurasa ingetosha kuyachapisha hayo kila baada ya kikao. Mimi nitakuwa wa mwanzo kuununua.

Ahsante.

Mstaafu wa kada ya afya,
Wete, Pemba