Vikombe vya makaburini

Columbus, Ohio
12 Oktoba

Mama Nasra mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Umeniambia darasa la Nasra lina watoto 24 na kitamutamu cha Halloween, ile sherehe ya mizimu ya mwisho wa Oktoba, kimekuangukia wewe. Usihangaike na keki. Tengeneza vikombe vya udongo: biskuti nyeusi zilizosagwa ndiyo udongo wenyewe, chini yake krimu nyeupe na pudini ya chokoleti, juu jiwe la kaburi na nyungunyungu wa pipi anayechungulia. Kama unaiweza ile ya keki, jeli na kastadi ya Idi, hii haikushindi, tena hakuna cha kuoka. Adui ni maji tu. Pudini na krimu zina maji, biskuti na pipi zinayanywa, kwa hiyo ujuzi wote uko katika kujua kipi kitangulie usiku na kipi kingoje dakika ya mwisho.

Vipimo hivi ni vya vikombe 12. Kwa 24 fanya mizunguko miwili kamili, usichanganye vyote kwa pamoja. Nitakwambia kwa nini.

Nunua vikombe vya plastiki angavu vya aunsi 9. Vya karatasi achana navyo, raha ya kitu hiki ni mtoto kuona matabaka ubavuni. Kisha pakiti moja ya biskuti nyeusi za Oreo za kawaida, kama gramu 400. Maboksi mawili ya pudini ya chokoleti ya aunsi 3.9, jibini laini ya kupaka aunsi 8, yaani gramu 226, sukari ya unga kikombe kimoja cha kupimia, na krimu nzito vikombe viwili. Hapo kwenye pudini angalia vizuri: iko ya kupikwa jikoni na iko ya kuchanganya na maziwa baridi, na maboksi yake yanafanana kama mapacha. Unataka hiyo ya maziwa baridi. Ukichukua ile nyingine ukaipiga bila moto, utabaki na maziwa ya rangi ya chokoleti mpaka asubuhi.

Anza na biskuti. Ziweke kwenye friza dakika 20 ili krimu ya ndani igande, kisha zitie kwenye mfuko mnene na uzipondeponde kwa mpini wa kusukumia chapati. Zikipondwa bila kugandishwa, krimu inazishikanisha na unapata mabonge badala ya udongo. Zile zenye krimu maradufu ndizo mbaya zaidi, zinatoa tope. Utapata kama vikombe vitatu vya kupimia. Nusu isage ilainike, nusu iache na vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kwa sababu udongo laini tupu unaonekana kama kakao iliyomwagika. Watu wengine huchanganya tabaka la chini na siagi iliyoyeyushwa. Usifanye hivyo. Likikaa kwenye friji linakuwa gumu kama sakafu na kijiko cha plastiki kinavunjikia humo. Weka makombo matupu, vijiko viwili vya mezani kila kikombe. Yatalainika usiku kama keki, na pale chini ndivyo tunavyotaka.

Pudini: maboksi mawili kwa maziwa baridi vikombe vitatu na nusu, si vinne kama boksi linavyosema, maana itabeba mzigo juu yake. Piga dakika mbili, kisha mimina mara moja, theluthi ya kikombe cha kupimia kwa kila kimoja. Inashika ndani ya dakika tano. Ikishikia bakulini utalazimika kuichota kwa kijiko, itachafua kuta za plastiki na tabaka litakuwa na milima na mabonde. Ndiyo sababu nakwambia mizunguko miwili.

Jambo lingine kubwa ni maziwa. Ya ng'ombe yasiyo na laktosi hayana shida. Ya soya au ya lozi yatakuangusha, kwa sababu chumvi zilizomo katika unga ule zinategemea protini ya maziwa ya ng'ombe ili kushika. Kwa mtoto asiyetumia maziwa kabisa pika mwenyewe: vikombe vitatu na nusu vya maziwa ya soya, wanga wa mahindi gramu 40, kakao gramu 40, sukari gramu 120 na chumvi kidogo. Koroga vikavu kwanza, ongeza maziwa kidogokidogo, pika moto wa wastani mpaka itokote kwa mapovu mazito, endelea kukoroga dakika moja zaidi. Mimina ikiwa moto kwenye vikombe vinavyostahimili joto, maana plastiki ile nyembamba itajikunja, kisha acha ipoe kwenye friji kwa muda wa saa tatu. Ikishaganda usiiguse tena kwa mchapo, itakuwa uji na haitarudi. Krimu nyeupe ya vikombe hivyo iache, udongo ukae juu ya pudini moja kwa moja. Na usome pakiti ya biskuti kabla ya kumpa.

Wakati pudini inashika, fanya krimu nyeupe. Jibini iwe imetoka kwenye friji saa nzima kabla. Ikiwa baridi inaacha punje nyeupe ambazo hakuna mashine itakayozimaliza. Ipige na sukari mpaka iwe laini. Pembeni, krimu iwe baridi hasa, bakuli nalo baridi, upige na vijiko viwili vya mezani vya unga wa pudini ya vanila ya kuchanganya. Unga huo ndio utakaoisimamisha mizimu ya krimu utakayoiweka juu baadaye. Ukiona krimu inabeba alama za mashine na ncha yake inasimama, acha hapo hapo. Dakika moja zaidi na unaelekea kwenye siagi. Nusu ikunje taratibu ndani ya jibini, nusu funika uweke friji. Tia ile yenye jibini kwenye mfuko wa zipu, kata pembe, zungushia kwanza ukutani mwa kikombe halafu jaza katikati, robo kikombe cha kupimia kila kimoja. Ukitupia kijiko katikati, mstari ubavuni unapotea.

Hapo funika, ulale.

Asubuhi yeyusha chokoleti kidogo kwa maikrowevu, sekunde 20 kisha koroga, tena 20. Tone moja la maji likiingia inakuwa kama mchanga. Mawe ya kaburi ni biskuti ndefu zenye ncha za mviringo, zile za Milano zinafaa. Chovya theluthi ya chini ndani ya chokoleti: mafuta yake yanazuia maji ya krimu kupanda, ndipo jiwe lisimame badala ya kuinama baada ya saa moja. Andika juu yake BOO, au chora utando wa buibui. Majina ya watoto usiandike kamwe kwenye jiwe la kaburi, hata kwa mzaha. Na kama unajua mzazi ambaye makaburi kwake si mchezo, au aliyefiwa karibuni, acha mawe kabisa, panda majani ya mnanaa yawe miche. Udongo ule ule, bustani badala ya mava.

Nyungunyungu ndio wa kuangalia kuliko vyote. Pipi hizi nyingi zina gelatini, na hapa Marekani pakiti ikisema gelatini tupu, mara nyingi ni ya nguruwe. Tafuta zenye muhuri wa halali, au zilizotengenezwa kwa pektini, ambayo hutoka kwenye matunda. Marashimelo nazo ni hivyo hivyo. Wachomeke wakati wa kula tu. Wakilala humo wanavimba, wanatelezateleza na rangi inavuja kwenye krimu.

Udongo wa juu, vijiko viwili kila kikombe, mawe na mizimu ya krimu (bonyeza vitone vitatu, kila kimoja kidogo kuliko cha chini, macho vipande vya chokoleti) viwekwe nusu saa kabla. Vibebe kwenye trei ya keki ndogo yenye mashimo 12, kila kikombe na shimo lake, ndani ya boksi la barafu. Nje ya friji visizidi saa mbili.

Kabla ya kununua chochote muulize mwalimu kuhusu mzio, na kama wanapokea chakula cha nyumbani. Shule nyingi zinataka cha dukani tu. Wakikataa, peleka pudini za vikombe zilizofungwa kiwandani, pakiti za biskuti na za pipi, watoto wapange wenyewe. Hilo halina ubaya hata kidogo, na wewe unalala mapema.

Vijiko chukua virefu.

Wako,
Mama Salim