Leso ziacheni, udongo ndio muondoe: Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira,
Serikali ya Kenya.

Baada ya salamu. Mimi ni mchoraji wa leso, yaani kanga, hapa Mombasa. Kazi hii nilifunzwa na shangazi yangu, na miaka yote nimechora korosho, mananasi na mawaridi kwa ajili ya watu wenye harusi. Nakuandikia kwa sababu ya leso 12 ambazo nimeambiwa nizishushe.

Leso hizo zimetundikwa Owino Uhuru, huku Mikindani, kwenye kamba iliyofungwa toka nyumba hadi nyumba. Kisa cha mtaa huu unakijua. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ubavuni kabisa mwa nyumba za watu. Kilipofungwa mwaka 2014, moshi na maji yake vilikuwa vimewapitia watu wapatao 3,000. Mabati ya paa yalilika yakawa kama chujio. Wanawake waliharibikiwa mimba, watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo humo kiwandani, alikuta mwanawe ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kudai kifungwe. Mwaka 2012 alikamatwa kwa sababu ya maandamano, akashtakiwa, na mahakama ikamwachilia.

Nilipoanza kuchora, mama mmoja aliniambia niweke risasi ya bunduki katikati ya leso yake. Nikadhani amechanganya, nikamweleza kwamba hii ya kwao ni madini, yanatoka kwenye betri. Akanitazama tu. "Mwanangu, si ni risasi?" Nikaichora.

Hii ya betri haisikiki ikija. Inaingia na vumbi, na pumzi, na vidole vya mtoto anayetambaa kisha akavitia kinywani. Mwili unaidhania ni kalsiamu, unaiweka akiba kwenye mifupa. Mwanamke akishika mimba, ile akiba inatoka mifupani na kumwendea aliye tumboni. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango chake kisicho na madhara, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Tena haiozi, Mheshimiwa. Kiwanda kimefungwa, lakini risasi iliyoingia ardhini haikufungwa nacho.

Pengine utauliza kwa nini leso, kwa nini si bango. Bango linashikwa siku moja likatupwa. Leso ndiyo inayompokea mtoto akizaliwa, ndiyo mbeleko yake, na ndiyo inayofunika maiti. Wanawake wa pwani wamesemeana kwa leso maneno ambayo mdomo ulishindwa. Kwenye pindo nilizungusha betri ndogo ndogo, nikazipanga kama korosho zinavyopangwa, hata ukiwa mbali utadhani ni leso ya kawaida ya dukani. Mji wa kila leso, yaani picha ya katikati, aliuchagua mwenyewe: paa lenye matundu, ndoo ya maji ya mvua, kiatu kimoja cha mtoto. Majina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye leso, tuliyatunga pamoja tukiwa tumekaa mkekani. Moja linasema MAZIWA YANGU YALIKUWA NA NINI. Jingine, NYUMBA NI YANGU, UDONGO NI WA NANI. Leso ya 12 haina jina. Mwenyewe alifikiri mchana kutwa, mwisho akasema niache hivyo hivyo.

Nilitaka kuchanganya rangi na vumbi la pale pale, rangi ya leso itoke katika ardhi yenyewe. Niliinama nichote. Mama aliyekuwa nyuma yangu akanidaka mkono, akanivuta mpaka kwenye karai, akaninawisha kwa sabuni mara mbili, kidole kimoja kimoja, kama ninavyowanawisha wanangu. Nikaenda kununua rangi dukani. Tangu siku hiyo kila nikishika brashi naukumbuka mkono ule.

Jumatatu iliyopita akaja afisa mmoja na vijana wenye ngazi. Sitamtaja, wala ofisi yake siitaji, kwa sababu sikuja kumshtaki mtu. Alisema leso zinaharibu sura ya mtaa, akatupa siku 14. Nilimwonyesha Katiba kwenye simu. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa, ya 37 inaturuhusu kukusanyika na kuwasilisha malalamiko kwa amani, ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Alisoma ya 33, akanirudishia simu.

Mheshimiwa, mbele ya sheria watu hawa wamekwisha kushinda. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapa hapa Mombasa, iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru mahali pale pasafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zilipwe milioni 700 za kupasafisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Hakuna mahakama nyingine nchini ya kwenda. Hesabu miaka tangu 2007: mtoto aliyezaliwa mwaka ule ni mtu mzima sasa.

Naogopa tusije tukafanya kama Nigeria. Msanii Sokari Douglas Camp alitengeneza basi la chuma la kumkumbuka Ken Saro-Wiwa, mtetezi wa Ogoni, eneo lililochafuliwa na mafuta, aliyenyongwa mwaka 1995, akalipandishia mapipa ya mafuta juu. Mwaka 2015 basi lilipofika bandarini Lagos, forodha ikalizuia. Miaka 4 kabla ya hapo, ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imekwisha kusema kusafisha ardhi ya Ogoni kutachukua miaka 25 hadi 30. Nguvu zilizotumika kulishikilia basi zingetumika kwenye yale mafuta!

Ninaloliomba ni dogo. Itangazwe tarehe: siku gani udongo wa Owino Uhuru utaanza kuchimbwa na kuondolewa, nani atauondoa, utapelekwa wapi ili usiwafuate watu wengine huko. Tarehe hiyo ibandikwe mtaani kwa Kiswahili, mahali ambapo mama anayetoka kuteka maji ataisoma. Mpaka hapo, ngazi zisirudi.

Siku lori la kwanza litakapotoka na udongo, nitakuja na ngazi yangu mwenyewe nizishushe leso zote 12, nizifue, nimrudishie kila mmoja yake. Mwenye leso isiyo na jina ameniambia siku hiyo atakuwa nalo.

Wako katika kudai haki,
Mchora leso, Mombasa