Kupogoa nodi hakuokoi bando

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe dhana ninayoisikia mara kwa mara kwa vijana wanaojifunza kuendesha nodi ya Bitcoin majumbani, yaani kompyuta inayopokea na kuhakiki miamala yote ya sarafu hiyo ya kidijitali, kwamba ukiipogoa nodi, yaani ukiiagiza ifute data ya zamani, utapunguza gharama ya bando. Si kweli. Nodi iliyopogolewa hupakua na kuhakiki kila bloku, yaani fungu la miamala, tangu ile ya kwanza ya Januari 2009, mzigo ambao sasa umezidi gigabaiti 600, isipokuwa bloku za zamani hufutwa zikishahakikiwa, hata diski ikabaki na takribani megabaiti 550 za bloku, pamoja na orodha ya sarafu ambazo hazijatumika, ambayo nayo hula gigabaiti kadhaa. Kinachookolewa ni nafasi, wala si data ya kupakua.

Anayetaka kasi atazame kwingine. Kompyuta yangu hapa Morogoro ilikuwa na diski ya kuzunguka, na kwa siku 11 niliisikia ikikwaruza usiku kucha huku asilimia ikisogea kwa sehemu ya mia. Nilipofunga diski ya SSD isiyozunguka na kuongeza dbcache, yaani kiasi cha RAM ambacho programu hutumia kuhifadhi orodha hiyo kwa muda, kutoka megabaiti 450 ilizokuja nazo programu hadi 4,000, nikaanza upya na kumaliza kwa siku 3, maana nodi hupekua orodha ile ya sarafu maelfu ya mara kwa kila bloku, na diski ya kuzunguka haiwezi mbio hizo.

Tangu toleo la 28 la Bitcoin Core, programu ya kuendeshea nodi, la mwaka 2024, ipo pia njia ya kupakia picha, yaani nakala, ya orodha hiyo ilivyokuwa kwenye bloku ya 840,000, nodi ikaanza kutumika mapema huku ikihakiki ya nyuma taratibu. Alama ya kuitambua picha hiyo imo ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo faili iliyochezewa hukataliwa. Kunakili diski ya jirani hakuna kinga hiyo, nami nawasihi vijana wasikubali.

Kupogoa kuna gharama yake. Niliporejesha pochi ya mwaka 2019 kwenye nodi iliyopogolewa, miamala yake ilikuwa kwenye bloku zilizokwishafutwa, nikalazimika kupakua mnyororo wote wa bloku tena. Isitoshe, nodi ya namna hiyo haiwezi kumpa mgeni, yaani nodi mpya inayoanza, bloku za zamani, na mgeni huyo hana pa kuzipata ila kwa waliozihifadhi zote. Mwenye diski ya terabaiti 1 iliyo wazi, namwomba asipogoe.

Msomaji wako,
Morogoro