Anayeanza bastola asinyimwe saa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri wanaopewa karibu wote wanaoanza mashindano ya bastola, kwamba walenge polepole na kwa usahihi, kasi itakuja yenyewe. Kwangu haikuja. Nilipiga polepole na vizuri kwa miaka, nikabaki mkiani.

Ubaya wa ushauri huo unaonekana kwenye hesabu. Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano haya lililoanzishwa mwaka 1976, pointi za mshindani hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Katika zoezi la risasi 12, anayezitia zote eneo la kati, lenye pointi 5, kwa sekunde 8, anapata 7.5. Mwenzake mwenye risasi za nguvu ndogo, akitia 8 katikati na 4 katika eneo linalofuata, lenye pointi 3 kwa risasi kama zake, kwa sekunde 6.5, anapata 8 kamili na kumshinda. Lakini moja ya zile 8 ikikosa shabaha kabisa, pointi 5 zinapotea na nyingine 10 zinakatwa, naye anashuka hadi 5.7 hivi. Kwa hiyo haraka inalipa, ila haraka ya kubahatisha inaadhibiwa vikali.

Siku niliposoma saa ya mazoezi, ile inayonasa muda wa kila mlio, risasi kwa risasi, ndipo nilipoona kosa langu. Kati ya risasi mbili za shabaha moja nilitumia robo sekunde tu, ilhali kuhama shabaha kulinichukua zaidi ya nusu sekunde, na kuchomoa bastola hadi risasi ya kwanza karibu sekunde mbili. Nami kila nilipotafuta kasi nilikuwa nikikiharakisha kidole! Kidole kikivuta kwa pupa, risasi ya anayetumia mkono wa kulia huangukia chini kushoto, nami matundu yangu yalikuwa yamejazana huko huko.

Tangu hapo macho yangu hutangulia kwenye shabaha inayofuata, bastola ikayafuata, na hutazama kilengeo cha mbele kinavyonyanyuka mlio unapotoka, kwa sababu mahali kilipokuwa wakati huo ndipo risasi ilipokwenda, wala sihitaji kuchungulia tundu. Kuchomoa nimekufanyia mazoezi bila risasi, dakika 10 kila jioni, baada ya kutoa magazini (kasha la risasi), kukagua mara mbili kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu na kuziacha risasi zote chumba kingine. (Wapo wanaoliona zoezi hili la kitoto, wengi wao huwa nyuma yangu kwenye orodha.)

Ombi langu kwa makocha ni kwamba wanafunzi, wakishazoea kanuni za usalama, wapewe saa mapema, tena wafundishwe kuusoma muda wa kila risasi badala ya kuangalia jumla peke yake.

Wako mtiifu,
Mshindani wa siku nyingi