Vinasaba vya uvimbe wa ubongo vipimwe hapa nchini

Mhariri,

Mwaka jana nilibeba kijisanduku chenye kipande cha uvimbe uliotolewa kichwani mwa kaka yangu, kikiwa kimehifadhiwa ndani ya nta, hadi maabara moja ya hapa Nairobi, ambayo nayo ililazimika kukituma ng'ambo ili vinasaba vyake vipimwe. Tulisubiri majibu wiki saba.

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani huainisha uvimbe wa ubongo kwa kuzingatia pia vinasaba, kama vile mabadiliko katika jeni ya IDH, wala si umbo la seli pekee. Takwimu za Marekani zaonyesha kwamba glioblastoma, saratani kali ya ubongo, huwapata zaidi Wazungu, ilhali meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, huwapata zaidi Weusi. Hata hivyo, sampuli nyingi zilizochunguzwa vinasaba ni za watu wenye asili ya Ulaya, na Mmarekani mweusi, jambo linalosahaulika mno, hawezi kumwakilisha Mkenya, kwa kuwa Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani.

Naiomba Wizara ya Afya igharamie vipimo hivi katika hospitali za umma, na sampuli zihifadhiwe humu nchini kwa idhini ya wagonjwa.

Msomaji wako,
South B, Nairobi