Kidonda kimeshafunga, kwa nini muuguzi bado anakuja?

Lalamiko hili tunalipata mara kwa mara, na juzi limekuja na maneno makali. Dada mmoja tuliyemhudumia nyumbani baada ya upasuaji wa kutengeneza uke aliona tumemlipisha ziara zisizo na kazi. "Chachi ya ndani imetolewa, mrija wa mkojo umetolewa, mshono umekauka. Mnakuja kuangalia nini?" Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili.

Mshono wa nje ndio mdogo kwenye shughuli hii. Uke mpya ni njia iliyofunguliwa kati ya kibofu na puru, na mwili unaihesabu kuwa jeraha. Jeraha lolote linapopona husinyaa. Kwa hiyo vipanulio, yaani vijiti vya kuingiza ukeni ili njia isisinyae, huanza chachi ikishatoka, mara nyingi wiki moja hivi baada ya upasuaji, na madaktari wengi huagiza mara 3 au 4 kwa siku katika miezi ya mwanzo. Baadaye zinapungua, ila kwa wengi haziishi kabisa. Ratiba ni ya mpasuaji wako, sisi hatuigusi.

Hapo ndipo watu wanapokata kona. Siku mbili za maumivu, wanaruka. Wanarudi kazini, wanafanya asubuhi na usiku tu. Kipanulio kina nukta za kupimia kina, na kila tunapofika tunaandika ni nukta ipi imebaki mlangoni. Kuna mteja aliyesitisha ziara zetu akisema anajiweza, na kwa kweli alikuwa mwangalifu. Alipotuita tena, nukta mbili zilizokuwa zikizama zote zilikuwa nje, na yeye hakuwa amegundua, maana kupungua kunakuja taratibu mno. Kina kilichopotea ni kigumu sana kukirudisha. Wengine huishia kurudi chumba cha upasuaji, na gharama ya huko hailingani hata kidogo na ya ziara zetu.

Kosa la pili ni kinyume chake: kulazimisha, au kurukia saizi kubwa kabla ya wakati. Lala chali, mto chini ya magoti. Paka jeli ya kutosha, kwenye ncha na mlangoni pia. Ncha ielekee chini kidogo, upande wa mgongo, mpaka ipite mfupa wa kinena, ndipo uilaze sawa. Ikigoma, acha mkono utulie hapo hapo, toa pumzi polepole, subiri misuli ya nyonga ilegee. Tumekaa kitandani kwa mtu muda mrefu tukisubiri pumzi tu, kisha kipanulio kikaingia bila kusukumwa. Ikishafika mwisho, iache kwa dakika ulizoagizwa. Wengi huambiwa kati ya 10 na 20.

Jeli iwe ya maji. Najua inaisha haraka na inauma mfukoni, lakini mafuta ya mgando hayasafishiki vizuri ndani, losheni yenye manukato inachoma, na jeli ya silikoni inaharibu vipanulio vya silikoni. Kila ukimaliza, kioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kikauke.

Nje, sabuni isiyo na harufu, suuza, gusagusa kwa taulo safi bila kusugua. Chooni futa kutoka mbele kwenda nyuma, siku zote. Kuosha ndani ni kwa maelekezo ya daktari pekee. Mkojo kutawanyika mwanzoni ni uvimbe, huwa unatulia. Usivute sigara hata moja: nikotini inabana mishipa, na ngozi isiyopata damu hufa. Na usiache choo kiwe kigumu, kujikamua kunaumiza mshono.

Sasa, tunaangalia nini? Kwa taa na kioo tunatafuta vinyama vyekundu vinavyovuja damu kwa urahisi, ambavyo daktari huvichoma kwa dawa kliniki. Tunatazama rangi ya ngozi, tunanusa uchafu unaotoka, maana wa manjano au kahawia kidogo wiki za mwanzo ni kawaida, lakini wenye harufu kali pamoja na homa si wa kusubiri ziara yetu. Damu nyekundu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, kushindwa kukojoa, kinyesi au hewa kupitia ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma: nenda hospitali, utatupigia ukiwa njiani.

Bei zetu zinabeba muda, na hatukai dakika tano tukaondoka. Anayebanwa na fedha atuambie mapema, tutapanga ziara za baadaye kwa nafasi ndefu zaidi na kumwonyesha jinsi ya kuandika nukta mwenyewe. Zile za wiki za mwanzo za vipanulio hatuzipunguzi.