Mtoto aliyenusurika kuzama asirudishwe majini kwa nguvu

Ndugu Mhariri,

Huku kwetu pwani, Msimbati hadi Kilwa, mtoto akinusurika kuzama wapo wanaosema dawa ya woga ni kumtupa majini papo hapo. Tunaomba jambo hilo liachwe.

Ndani ya ubongo, kila upande usawa wa panja, kuna fungu la seli lenye umbo la lozi, amigdala. Mtoto anapopaliwa na maji, mshindo wa wimbi na kukosa pumzi hufika hapo kwa pamoja. Kalsiamu huingia kwenye seli hizo na viungio vyake huimarika, kiasi kwamba kesho wimbi peke yake litamwendesha moyo mbio hata akiwa juu mchangani. Kumbukumbu hiyo hukazwa kwa saa kadhaa, ikisaidiwa na adrenalini. Ukimtupa tena saa hiyo, unaikaza zaidi.

Wala asikemewe kwamba "hata hukumbuki kilichotokea". Tukio lenyewe hutunzwa na sehemu nyingine ya jirani, hipokampasi. Mwaka 1911 Édouard Claparède, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza habari za mwanamke asiyeweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Alimpa mkono huku ameficha pini kiganjani. Baadaye mama yule hakukumbuka kuchomwa, lakini alikataa kushikana naye mkono: hofu inaweza kubaki hata tukio likisahaulika.

Hofu ya namna hii haifutiki kirahisi. Mtoto hujifunza jambo la pili, kwamba maji haya hayana madhara, na seli zilizo nyuma ya paji la uso hupata nguvu ya kuituliza amigdala. Basi aanze siku za maji mafu, bahari ikiwa imekupwa, kwenye kidimbwi cha kifundoni, ameshikwa mkono na mtu anayemwamini. Akae mpaka pumzi itulie, ndipo atoke. Akitoka mbio katikati ya woga, ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kwa hiyo hatua iwe ndogo asifikie kupiga mayowe. Magotini ni siku nyingine.

Wengi hukosea hapa: utulivu huo hufungamana na mahali. Aliyezoea Mikindani anaweza kuganda Msimbati, kwa hiyo abadilishiwe fukwe. Woga ukirudi baada ya miezi, rudini hatua mbili nyuma. Safari hii huwa nyepesi.

Akiendelea kuweweseka usiku zaidi ya mwezi mmoja, apelekwe hospitali.

Wahudumu wa afya ya akili,
Mtwara